Siku 12 Juu ya Mwamba

Meli iliyopanda mwamba haivutwi kama matatu iliyozama kwenye tope. Matatu ikikwama, abiria wanashuka, vijana wa kando ya barabara wanajileta, kamba inafungwa kwenye lori lolote linalopita, na baada ya kelele kidogo safari inaendelea. Kwa hiyo picha za MV Wakashio ziliposambaa kwenye simu zetu Agosti 2020, meli ndefu kama mtaa mzima imekaa karibu na ufuo wa Mauritius, swali la wengi lilikuwa moja: wanangoja nini? Si waivute tu?

Walingoja siku 12. Siku hizo zote meli ilikuwa bado nzima machoni pa watu wa pwani. Haikuwa imekatika, na mafuta yake karibu yote yalikuwa bado ndani ya matangi. Siku ya 12 mafuta yakaanza kuenea majini, na kuanzia hapo mambo yakaenda mrama moja kwa moja. Habari za Wakashio huwa zinaanzia hapo, kwa maji meusi na watu waliovaa glavu. Mimi naona sehemu ya kusoma vizuri ni ile ya kabla.

Wakashio ilikuwa meli ya shehena za kumwaga, zile za madini, nafaka na makaa ya mawe. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Japani, Nagashiki Shipping. Iliyoikodisha ni Mitsui O.S.K. Lines, ya Japani pia. Bendera ilikuwa ya Panama, nahodha alikuwa Mhindi. Ilitoka China, ikapitia Singapore, ikielekea Brazil kuchukua mzigo. Yaani ilikuwa tupu. Ndani hamkuwa na shehena hata gunia moja, ila mafuta yake yenyewe ya safari: karibu tani 3,900 za mafuta mazito na tani 200 hivi za dizeli. Likumbuke hilo la utupu, litatusumbua baadaye.

Kilichoifikisha mwambani kinajulikana, na kinachekesha kwa namna ya kuumiza. Mpango wa awali ulikuwa kupita maili 22 za baharini kutoka Mauritius. Tarehe 23 Julai mpango ukabadilishwa, ikawa maili 5. Siku yenyewe, 25 Julai, wakaamua kusogea hadi maili 2 hivi, ili simu zipate mtandao. Ilikuwa mwaka wa korona, bandari zimefungwa, mabaharia wa dunia nzima wamenaswa melini miezi mingi kupita mikataba yao, hawajui watarudi nyumbani lini. Kulikuwa hata na sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wao melini jioni ile. Sisi tunaopanda juu ya mti tukienda ushago ili tutume ujumbe tunaielewa hamu hiyo. Tofauti ni kwamba wao walipanda na meli ya mita 300, wakiwa na ramani isiyoonyesha vizuri kina cha maji karibu na pwani. Saa 1:25 usiku ikapanda mwamba wa matumbawe mbele ya Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa.

Sasa turudi kwa swali la kuvuta. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Meli inaelea kwa sababu maji yanaibeba. Ikipanda mwamba, sehemu ya uzito uliokuwa ukibebwa na maji inahamia kwenye jiwe. Wakashio ilikuwa na urefu wa karibu mita 300 na upana wa mita 50. Tuseme imeinuliwa mita moja tu kuliko ilivyokuwa ikielea. 300 mara 50 ni 15,000, halafu punguza kidogo kwa sababu omo ya meli si ya mraba, ubaki na 13,000. Hizo ni tani 13,000 zilizokalia jiwe, kwa mita moja tu. Tagi kubwa ya uokoaji, ile meli fupi yenye injini ya ajabu, inavuta kwa nguvu ya tani mia mbili hivi. Hata ukileta nne, unaona mwenyewe hesabu inavyokuaibisha.

Na jiwe lenyewe ni matumbawe. Meli iliyopanda mchanga unaweza kuibembeleza, mchanga unachimbika na unateleza. Matumbawe yanashika. Yametoboa sakafu ya meli na sasa yako ndani yake, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu unaiburuta juu ya msumeno. Unaweza kuitoa mwambani vizuri kabisa, ikafika kwenye kilindi, ikazama na mafuta yote.

Kwa kawaida waokoaji wa meli hupunguza uzito kwanza. Wanaleta tishari, wanapakua mzigo, meli inainuka. Ile meli tupu, utapakua nini? Kuna mafuta, na kuna maji ya farumi, yale yanayowekwa kwenye matangi ili meli tupu isiyumbe. Ukiyatoa maji ya farumi, meli inakuwa nyepesi, na wimbi linalofuata linaitupa mbele zaidi juu ya mwamba. Ndiyo maana mara nyingi hatua ya kwanza ya kuokoa meli iliyokwama ni kuijaza maji zaidi, ikalie jiwe kwa uzito, itulie hadi tagi zifike. Unaifanya nzito leo ili uifanye nyepesi wiki ijayo. Ukimweleza mtu hili pale stejini anakuona umechanganyikiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mombasa au Lamu angeliuliza mapema: bamvua ni lini? Huku kwetu maji yanajaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita 4 siku za bamvua. Chombo kilichopwelewa kinaweza kungoja mwezi mpevu, maji yajae, kijiinue chenyewe. Mauritius haina bahati hiyo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huko haifiki hata mita moja. Hakuna wimbi la mwezi litakalokuja kukusaidia. Linalokuja ni lile la upepo, na Julai na Agosti ni majira ya kusi, na upande wa Pointe d'Esny ndio unaoupokea upepo huo kifuani. Kila wimbi linainua tezi kidogo na kuiachia. Chukua rula ya plastiki, ibane nusu kwenye ukingo wa meza, nusu ile nyingine uipigepige kwa kidole mchana na usiku. Haitavunjika leo.

Maji hayo hayo yamewahi kuwashinda watu waliojua bahari kuliko kampuni yoyote ya leo. Agosti 1810 kisiwa kilikuwa cha Wafaransa, na manowari nne za Waingereza zikaingia ghuba ya Grand Port, kilomita chache tu kutoka pale Wakashio ilipokwama, kuzishambulia meli za Wafaransa. Mbili, Sirius na Magicienne, zikapanda matumbawe katikati ya vita. Waingereza walifanya kilichofanywa siku zote: wakapeleka nanga mbali kwa mashua, wakafunga kamba, mabaharia wakazungusha mtambo wa kukunja kamba huku wakipigwa mizinga. Wapi! Magicienne ikachomwa moto na mabaharia wake wenyewe, kesho yake Sirius nayo ikachomwa, ili zisichukuliwe na adui. Wafaransa walishinda, na jina la Grand Port limechongwa kwenye lile lango kuu la Paris, Arc de Triomphe. Ukisoma kwa makini utaona kwamba mwamba ulipigana zaidi kuliko Wafaransa. Waingereza walirudi mwishoni mwa Novemba mwaka huo, wakashukia kaskazini, wakakichukua kisiwa. Mabaki ya Sirius bado yako chini ya ghuba.

Kwa hiyo kusema serikali ya Mauritius ilikaa tu siku 12 ikitazama ni kurahisisha. Bahari ilikuwa mbaya kweli. Mwenye meli aliajiri SMIT ya Uholanzi na Nippon Salvage ya Japani, kampuni zinazoijua kazi hii, na vifaa vizito vilikuwa mbali. Lakini pia siwezi kuiachilia serikali hiyo kirahisi. Waziri Mkuu Pravind Jugnauth, mafuta yalipoanza kumwagika, aliandika kwamba nchi yake haina ujuzi wa kuelea tena meli zilizokwama, akaomba msaada wa Ufaransa. Hilo lilikuwa kweli tarehe 7 Agosti, na lilikuwa kweli pia tarehe 25 Julai. Na zaidi ya hayo, Juni 2016 meli nyingine ya shehena, MV Benita, ilipanda mwamba pale Le Bouchon, pwani hiyo hiyo ya kusini-mashariki. Ilichukua zaidi ya mwezi kuitoa, kisha ikazama ikivutwa kwenda kukatwakatwa India. Miaka minne ilipita kati ya Benita na Wakashio. Nchi ndogo haiwezi kununua tagi kubwa ikae bandarini ikingoja ajali, nakubali. Ila maboya ya kuzuia mafuta na mpango wa nani ampigie nani simu usiku wa kwanza, hivyo vinanunulika.

Nani ampigie nani simu: hapo ndipo kazi hii inakwama kabla hata ya kufika majini. Tangu 1908 waokoaji wa meli wametumia mkataba maarufu wa Lloyd's wa London, ambao kanuni yake ni rahisi: usipookoa kitu, hulipwi. Ulikuwa mkataba mzuri dunia ilipokuwa na meli za pamba na chai. Meli za mafuta zilipokuja, ukageuka mtego, kwa sababu meli inaweza kupotea yote na bado mwokoaji akawa amezuia balaa pwani, halafu asipate hata senti. Machi 1978 Amoco Cadiz, iliyobeba tani 220,000 hivi za mafuta ghafi, ilipoteza usukani karibu na Brittany, Ufaransa. Tagi ya Kijerumani ilikuwa hapo hapo, na saa zikapita nahodha na watu wa tagi wakivutana juu ya mkataba. Usiku ikapiga mwamba. Baada ya aibu hiyo mkataba ukarekebishwa mwaka wa 1980, na mwaka wa 1989 ukaja mkataba wa kimataifa unaomlipa mwokoaji kwa juhudi za kulinda mazingira hata kama meli imepotea. Mabadiliko makubwa ya sheria za bahari huja hivyo, moja kwa kila pwani iliyoharibiwa.

Tarehe 6 Agosti tangi moja la mafuta upande wa kulia wa Wakashio lilipasuka. Karibu tani 1,000 zikatoka. Kwa viwango vya dunia huo ni umwagikaji mdogo, ukilinganisha na Amoco Cadiz ni tone. Lakini ulimwagika mahali pabaya kuliko pote: karibu na hifadhi ya bahari ya Blue Bay, karibu na kisiwa cha Île aux Aigrettes ambacho wahifadhi walikuwa wamekitunza miaka mingi, karibu na mikoko, ndani ya maji ya kina kifupi ambamo wavuvi wa Mahébourg hupata riziki. Na yalikuwa mafuta ya aina mpya, yenye salfa kidogo, yaliyoanza kutumika sana Januari 2020 sheria za dunia zilipobadilika ili hewa iwe safi. Hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kuyasafisha kwenye matumbawe.

Kilichofuata kimesimuliwa sana. Serikali iliwaambia watu waachie wataalamu. Watu hawakuachia. Walijaa ufuoni Mahébourg wakishona magunia marefu ya kitambaa, wakiyajaza majani makavu ya miwa, kisiwa kizima ni miwa, wakafunga chupa za plastiki ili yaelee, wakayavuta majini kama uzio. Wengine walikata nywele zao zitumike humo. Ukiniuliza ni nani aliyeendesha kazi ya uokoaji wiki ile, nitakuambia nusu yake iliendeshwa na mafundi cherehani.

Huku nje kwenye mwamba, pampu zilifanya kazi mbio. Kufikia tarehe 12 Agosti mafuta karibu yote yaliyobaki, kama tani 3,000, yalikuwa yametolewa. Hapo ndipo ninapokwama mimi. Kazi ambayo siku 12 za kwanza hazikuiona ikianza ilimalizika kwa siku sita, na meli ikiwa tayari imepasuka. Najua bahari ilitulia kidogo. Najua mafuta mazito yakipoa ni kama uji uliolala, lazima uyapashe moto ndipo yapite kwenye bomba, na chumba cha injini kilikuwa kimejaa maji. Bado nafikiri mpangilio ulikuwa kinyume. Ilipotazamwa kama meli ya kuokolewa, kila mtu alifikiria kuivuta ikiwa nzima, kwa sababu meli nzima ni mali ya mtu. Ilipogeuka kuwa tangi la sumu ndipo mafuta yakawa ya kwanza.

Tarehe 15 Agosti rula ikavunjika. Sehemu ya mbele, iliyo kubwa zaidi, ilivutwa nje na kuzamishwa makusudi kwenye kilindi tarehe 24, mahali ambapo wananchi hawakuonyeshwa. Siku chache baadaye nyangumi wadogo wa jamii ya pomboo wakaanza kutupwa ufuoni wakiwa wafu, karibu 50. Kama ni mafuta, kuzamishwa kwa meli au jambo jingine lililowaua, hilo lilibishaniwa sana. Tarehe 29 maelfu kwa maelfu waliandamana Port Louis wamevaa nguo nyeusi. Na tarehe 31, kwenye bahari chafu upande wa kaskazini-mashariki, tagi Sir Gaëtan iliyokuwa imetumika kwenye kazi hiyo iligongana na tishari iliyokuwa ikivutwa nayo. Mabaharia watatu walikufa na nahodha wao hakupatikana. Wakashio yenyewe haikumuua mtu usiku ule ilipokwama. Kusafisha baada yake ndiko kulikoua, na majina ya hao wanne huyasikii sana.

Ukidhani meli yenye mzigo ingekuwa rahisi, angalia Rena. Oktoba 2011 meli hiyo ya makontena ilikuwa ikiwahi kumchukua rubani wa bandari ya Tauranga, New Zealand, ikakata kona na kupanda mwamba wa Astrolabe kwa kasi ya noti 17. Ilikuwa na makontena 1,368. Meli ikiinama, kontena hushushwa moja moja kwa kreni iliyo juu ya tishari inayoyumba, mtu akipanda juu ya mnara wa makontena yaliyolegea kufunga minyororo. Januari 2012 ikakatika vipande viwili. Kazi ya kuiondoa ilikula mamia ya mamilioni ya dola na miaka kadhaa, na mwaka wa 2016 wenye meli wakapewa ruhusa ya kuacha kilichobaki pale pale, ingawa baadhi ya Wamaori wa kisiwa cha Motiti walitaka mwamba wao usafishwe kabisa.

Na sasa kitu ambacho wengi wetu Nairobi hatukijui. Sheria ya dunia ya kuondoa mabaki ya meli ina jina la mji wetu. Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli ulipitishwa hapa Mei 2007, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kilomita zaidi ya 400 kutoka baharini. Ulianza kutumika Aprili 2015. Unamlazimu mwenye meli kuwa na bima ya kuondoa mabaki, na kuinyima nafasi ile tabia ya kusema meli yangu imekufa, kwaherini. Ila soma maandishi madogo. Kwa kawaida mkataba huu unahusu eneo la uchumi la bahari, nje ya maili 12 za maji ya nchi. Ndani ya maili hizo hautumiki mpaka nchi yenyewe itoe taarifa kwamba inataka. Na matumbawe yako wapi? Watamu, Kisite, Kiunga, Pointe d'Esny, yote yako ndani. Meli inapanda mwamba mahali ambapo Mkataba wa Nairobi unakuhitaji kwanza ujaze fomu.

Fidia nayo ilikuwa na fomu zake. Kuna mfuko mkubwa wa kimataifa wa kulipia umwagikaji wa mafuta, lakini ni wa meli zinazobeba mafuta kama mzigo. Wakashio haikuwa meli ya kubeba mafuta, kwa hiyo mfuko huo haukuihusu. Kilichobaki ni mkataba wa mafuta ya kuendeshea meli, ambao kiwango chake cha malipo kinategemea sheria ya ukomo ambayo nchi imeikubali. Japani ilikuwa kwenye ile ya 1996, yenye viwango vya juu. Mauritius ilikuwa bado kwenye ile ya 1976. Mvuvi wa Mahébourg thamani ya hasara yake ilipangwa na karatasi iliyotiwa saini kabla hajazaliwa.

Tezi ya meli ilibaki mwambani, ikipigwa na kusi mbili. Kampuni ya Kichina ndiyo iliyopewa kazi ya kuikata vipande, na bahari ilipochafuka kazi ilisimama. Nahodha na afisa wake wa kwanza walihukumiwa miezi 20 jela mwishoni mwa Desemba 2021. Muda waliokaa rumande ulihesabiwa, wakaachiliwa. Vipande vya mwisho vya tezi viliondolewa Januari 2022, wao wakiwa tayari huru.